Kukagua Mzinga wa Nyuki Uani: Namna ya Kusoma Masega na Majana, Hatua kwa Hatua

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anafungua mzinga, anaona nyuki wamejaa mpaka pembeni, anamsaka malkia dakika ishirini bila kumpata, kisha anafunga na kuondoka ameridhika kwamba kundi lina afya. Wiki tatu baadaye nyuki wamepungua nusu na hajui kimetokea nini.

Nyuki unaowaona leo ni habari ya zamani. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, huchukua siku 21 hivi tangu yai litagwe mpaka atoke kijumbani, kitundu chake ndani ya sega, kwa hiyo wingi wake unakuonyesha malkia alivyotaga mwezi uliopita. Habari ya leo imo ndani ya vijumba, kwenye majana, yaani watoto wa nyuki: mayai, mabuu na waliofungiwa chini ya vifuniko vya nta. Hivyo ndivyo vya kusoma. Malkia mwenyewe si lazima umwone.

Maelezo haya ni ya mzinga wa fremu. Mwenye mzinga wa pau za juu, ambao sega huning'inia bila fremu, atafuata mpango huo huo isipokuwa namna ya kushika sega. Tofauti hiyo iko kwenye hatua ya 4.

## Vitu vya kuandaa

- Vazi la rangi nyepesi linalofunika mwili wote, kofia yenye wavu usiogusa ngozi, glavu, na buti ambazo suruali haiachi mwanya kwenye vifundo. Vitambaa vyeusi na vya manyoya huwachokoza nyuki.
- Bomba la moshi, kiberiti, na kuni kavu za kutosha mara mbili ya unavyodhani utahitaji.
- Patasi ya mzinga.
- Brashi laini, unyoya mkubwa au kitawi cha majani mabichi.
- Sanduku tupu lenye kifuniko, la kuwekea fremu ya kwanza utakayoitoa.
- Kitambaa safi kikubwa cha kufunikia fremu usizozikagua.
- Tochi ya kichwani, na miwani ya kusomea au lensi kama macho hayaoni vizuri karibu.
- Njiti chache za kiberiti, kwa ajili ya kipimo cha ugonjwa.
- Ndoo yenye mfuniko ya kutupia vipande vya nta.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hukwama ikishaguswa na gundi ya nyuki.

Moshi, patasi na wavu ndivyo visivyo na mbadala. Vingine unaweza kubuni.

Onyo. Mtu aliyewahi kuvimba uso, kubanwa pumzi au kuzimia baada ya kuumwa na nyuki asifungue mzinga. Na hata kama wewe ni mzima, usikague peke yako: awepo mtu mwingine mwenye vazi, au angalau anayejua uko wapi na ana simu mkononi.

## Chagua siku na saa

Taka siku kavu, isiyo na upepo, yenye jua. Penye baridi, subiri hewa ipite nyuzi 15, kwa kawaida kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Majana huishi kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35, na kila dakika fremu inapokaa nje inapoa.

Penye joto, na hasa kwa nyuki wakali, saa moja au mbili kabla ya jua kuzama ni bora. Wakichokozeka, giza litawarudisha ndani kabla hawajasumbua jirani. Funga mifugo mbali, waingize watoto ndani, waarifu majirani. Mfugo uliofungwa kamba karibu na mzinga hauna pa kukimbilia.

Usifungue mvua ikinyemelea. Usifungue pia wakati hakuna maua, isipokuwa kwa sababu ya msingi, kwa maana harufu ya asali iliyo wazi huita wezi kutoka makundi mengine.

## Hatua ya 1: Simama mlangoni dakika tano

Kabla ya kugusa chochote, simama ubavuni mwa mzinga, usizibe njia ya kurukia, na tazama.

Nyuki wanaoingia na chavua miguuni, mafundo makubwa ya rangi moja au mbili, kwa kawaida wana majana ya kulisha. Si uthibitisho kamili, ila ni mwanzo mzuri. Ukiona vipande vigumu vyeupe au vya kijivu kama chokaa kwenye ubao wa kutulia, viweke akilini, tutavirudia. Nyuki wanaotambaa chini na mabawa yaliyosinyaa, nao pia. Wanaopigana mlangoni huku wengine wakitafuta nyufa za pembeni ni wezi na wenyeji: ahirisha ukaguzi, punguza mlango.

## Hatua ya 2: Washa bomba mpaka lijitegemee

Hapa ndipo ukaguzi mwingi huharibika kabla haujaanza. Bomba linazimika katikati ya kazi, fremu tatu ziko nje, na nyuki wameshapandisha hasira.

Washa karatasi au nyasi kavu kwanza, iteremshe hadi chini ya bomba, pampu taratibu mpaka ndimi za moto zitoke juu. Ongeza kuni kidogo kidogo: gunia la katani, maganda makavu ya mahindi, majani makavu, vipande vya mbao isiyopakwa rangi, au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Shindilia, kisha juu weka konzi ya nyasi mbichi ili kuchuja cheche. Usitumie plastiki, mafuta wala vitambaa vya nailoni.

*Umefaulu ikiwa* moshi ni mweupe na mzito, umeupuliza kwenye kifundo cha mkono na haukuunguza, na ukiliacha bomba dakika tano bila kupampu bado linatoa moshi.

Moshi huficha harufu ya hatari ambayo nyuki huitana nayo, na huwafanya waende kufakamia asali. Ukizidisha wanavurugika, wanakimbia huku na huku juu ya masega, na malkia anajificha.

## Hatua ya 3: Fungua bila kishindo

Puliza mara mbili au tatu mlangoni, subiri dakika moja hadi mbili. Simama nyuma au ubavuni.

Inua mfuniko kidogo, puliza mara moja chini yake, kisha uondoe na uulaze chini kichwa chini. Huo ndio utabebea masanduku ya asali utakayoyashusha. Sanduku lililojaa asali linaweza kupita kilo 30. Piga magoti au tafuta msaidizi, usiinue kwa kiuno. Ukilishusha, lifunike.

Gundi itakuwa imeshika kila kitu. Ingiza patasi kwenye pembe, ibinue polepole mpaka usikie mlio mdogo wa kuachia, kisha nenda pembe inayofuata. Nyuki husikia mtikisiko zaidi kuliko sauti yako, kwa hiyo unaweza kuongea, lakini usigonge.

Ukisikia harufu kama ndizi mbivu, kuna nyuki ameshachoma, na ile ndiyo harufu ya hatari yenyewe. (Ndiyo maana wafugaji hukwepa kula ndizi kabla ya kazi hii.) Kwangua mwiba haraka kwa ukucha au patasi, pulizia moshi mahali palipochomwa, endelea. Wakianza kugonga wavu wako mfululizo na moshi hausaidii, funga. Hakuna aibu kurudi kesho.

## Hatua ya 4: Toa fremu ya pembeni kwanza

Fremu ya ukutani mara nyingi ina asali tu na malkia hakai huko. Ukiitoa unapata nafasi ya kusogezea zilizobaki. Anayeanza kwa kung'oa fremu ya katikati huwasaga nyuki kati ya masega mawili, na malkia akiwa miongoni mwao ndiyo basi tena.

Banua fremu kutoka kwa jirani yake kwa patasi, pande zote mbili, shika masikio mawili ya upau wa juu, vuta wima polepole. Iweke kwenye sanduku tupu, funika. Kisha sogeza ya pili upande wa nafasi hiyo kabla ya kuinyanyua. Fanya hivyo kwa kila moja, ukirudisha kila fremu kwa mpangilio ule ule na uso ule ule.

Namna ya kugeuza ni muhimu: usiilaze fremu kama sinia. Inua mkono mmoja mpaka upau wa juu usimame wima, izungushe fremu kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, kisha shusha mkono wa pili. Sega halikuacha kusimama hata mara moja. Sega jipya lenye nekta likilazwa hukatika, au humwagia nyuki utamu na kuita wezi.

Kwenye mzinga wa pau za juu hilo ni sheria isiyo na msamaha, kwa sababu sega halina fremu ya kulishika kando wala chini. Kabla ya kuinua upau, kata sehemu zilizogandana na ukuta kwa kisu kirefu, ukikata kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwenda chini unalivuta sega litoke kwenye upau wake.

Shikilia fremu juu ya mzinga wakati wote. Malkia akidondoka, adondokee nyumbani.

## Hatua ya 5: Soma sega kabla ya majana

Sega zuri limenyooka, linajaza fremu, na vijumba vyake vinalingana. Jipya ni jeupe au manjano hafifu. Baada ya vizazi kadhaa vya majana hugeuka kahawia, kisha jeusi, kwa sababu kila mtoto anayetoka huacha ngozi ya utando wake ukutani. Vijumba huwa vyembamba na uchafu na vimelea hujikusanya.

Linyanyue sega tupu kuelekea jua. Mwanga usipopita hata kidogo, liweke alama kwa penseli kwenye upau na ulisogeze pembeni, litolewe likiwa halina majana. Kwa sanduku la fremu 10, kubadilisha mbili au tatu kila mwaka hufanya sega lolote lisizidi miaka mitano.

Vipande vya masega vilivyounganisha fremu na fremu kwangua, tia ndooni. Hutokea kwa sababu fremu hazikubanwa pamoja: nyuki huacha njia ya milimita 6 hadi 9, pengo kubwa zaidi ya hapo hulijengea sega na dogo zaidi huliziba kwa gundi.

Njia za utando zinazopita ndani ya sega, pamoja na kinyesi cheusi kama punje za baruti, ni nondo wa nta. Kundi lenye nguvu hujisafishia. Ukiwaona wametawala, usianze na nondo. Uliza kwanza kwa nini kundi limedhoofika. Sega lenye ute unaonuka kama kitu kilichochacha, na funza wadogo wagumu wenye miiba mgongoni, ni la mende wadogo wa mzinga, na hilo huondolewa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Tafuta mayai

Simama jua likiwa nyuma ya bega lako, elekeza fremu ili mwanga uangukie kwenye kitako cha vijumba. Kama kuna mawingu, tumia tochi. Nyuki wakiziba, wapulizie pumzi ndogo ya moshi au wasukume taratibu kwa upande wa nyuma wa kidole.

Yai ni jeupe, urefu wa milimita 1.5 hivi, mfano wa punje ya mchele iliyopungua sana. Siku ya kwanza husimama wima kwenye kitako cha kijumba, ya pili huinama, ya tatu hulala. Anza kwenye sega la kahawia; kwenye sega jeupe hata macho mazuri hukosa.

*Umefaulu ikiwa* umeona yai moja kwa kijumba, katikati ya kitako, vijumba vingi vikifuatana. Hapo una hakika malkia alikuwepo ndani ya siku tatu zilizopita. Acha kumtafuta.

Mayai mawili, matatu au zaidi kwenye kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, maana yake vibarua wenyewe wanataga. Tumbo lao fupi halifiki kitakoni. Mayai hayo hayajarutubishwa, yatatoa madume tu, na kundi linaelekea kufa. Lakini tahadhari: malkia mchanga anayeanza kutaga naye huweka mawili siku za mwanzo, ila yake hukaa kitakoni. Subiri wiki moja kabla ya kuhukumu.

## Hatua ya 7: Tazama mabuu

Buu mwenye afya ni mweupe wa lulu, anang'aa, amejikunja kama herufi C, na mikunjo ya mwili inaonekana. Mabuu wadogo wanaelea kwenye maziwa ya nyuki, chakula wanachopewa na vibarua wauguzi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya lishe: vijumba vinavyometameta unyevunyevu ni vya kundi linalokula vizuri. Mabuu wakikaa pakavu, chakula cha wauguzi kimepungua, mara nyingi chavua.

Rangi ya manjano, kahawia au kijivu, na mwili uliojinyonga au kuyeyuka, ni ugonjwa. Hakuna buu mzima wa rangi hizo.

## Hatua ya 8: Tazama vifuniko

Vifuniko vya vibarua ni vya rangi ya biskuti, vikavu, vimeinuka kidogo tu. Vya madume vimevimba kama ncha ya risasi, na mahali pake ni kingo na pembe za chini. Vifuniko vya asali ni vyeupe au manjano na bapa, viko juu na pembeni. Usivichanganye.

Mpangilio mzuri ni duara au umbo la yai lililojaa, juu yake upinde wa chavua wa rangi mbalimbali, na asali kwenye pembe za juu. Malkia huanza katikati na kwenda nje akizunguka, kwa hiyo katikati hutoka watoto kwanza. Ukikuta shimo la vijumba vitupu katikati ya duara, chungulia humo: ukiona mayai mapya, hilo si pengo, ni zamu ya pili.

Kupima mapengo ya kweli, kata kwenye kadi ngumu tundu la umbo la msambamba linaloonyesha vijumba 10 kwa 10. Libandike juu ya eneo lililofunikwa, hesabu vilivyo wazi. Chini ya 10 ni vizuri sana. Zaidi ya 20 kwenye fremu kadhaa ni jambo la kuchunguza: malkia mzee, malkia aliyepandwa na madume wa ukoo wake, ugonjwa, au nyuki wasafi wanaong'oa watoto wagonjwa. Usimuue malkia kwa sababu ya fremu moja.

Vifuniko vilivyovimba vya madume vikitawanyika katikati ya vijumba vya vibarua, na mayai ni moja moja kitakoni, malkia ameishiwa mbegu. Anahitaji kubadilishwa.

## Hatua ya 9: Geuza majana kuwa kalenda

Kibarua ni yai siku 3, buu wa wazi siku 6 hivi, na chini ya kifuniko siku 12. Kwa hiyo malkia anayetaga kwa kasi ile ile kila siku huacha sehemu 1 ya mayai, 2 za mabuu na 4 zilizofunikwa. Nyuki wa maeneo ya joto huwahi kwa siku moja au mbili, lakini uwiano haubadiliki sana.

Kadiria kwa nyuso za fremu. Ukikuta nyuso nne zilizofunikwa, tarajia takriban mbili za mabuu na moja ya mayai. Zilizofunikwa zikiwa nyingi na mayai haba, utagaji unashuka: maua yamekwisha, nafasi imejaa nekta, au kundi linajiandaa kugawanyika. Mayai na mabuu wakizidi, kundi linapanda na litahitaji nafasi wiki mbili tatu zijazo.

Kisha soma kilichokosekana:

- Hakuna mayai, mabuu wapo: kutaga kumesimama angalau siku 3.
- Hakuna mayai wala mabuu, waliofunikwa wapo: angalau siku 9.
- Hakuna majana kabisa: zaidi ya siku 21.

Linganisha na tarehe ya ukaguzi uliopita. Kama mayai yalikoma siku ile ile, inawezekana sana ulimbana malkia wewe mwenyewe.

Kukosa mayai hakumaanishi moja kwa moja kwamba hakuna malkia. Malkia mpya huhitaji wiki mbili hadi tatu tangu atoke mpaka aanze kutaga, na vijumba vya katikati vilivyosuguliwa vikang'aa ni ishara kuwa vibarua wanamwandalia. Kama una kundi jingine lenye afya, toa humo fremu yenye mayai na mabuu wachanga bila malkia, uiweke katikati. Fungua siku ya nne. Wakiwa wameanza kujenga vijumba vya malkia juu yake, hawana. Wakiwa wamewalea tu kama vibarua, yupo.

## Hatua ya 10: Vijumba vya malkia

Vinaning'inia kama karanga na ganda lake. Vikombe vitupu, vikavu, ni vya mazoezi, viache. Vyenye yai au buu katika maziwa ndivyo habari.

Vingi kwenye kingo za chini: kundi linataka kugawanyika. Kimoja, viwili au vitatu usoni mwa sega, na malkia bado anataga: wanambadilisha taratibu, usiingilie. Vingi vilivyochipuka kutoka vijumba vya kawaida, huku hakuna mayai: malkia amepotea ghafla.

Kijumba cha malkia hufunikwa siku ya 8 tangu yai, na kundi huondoka mara nyingi siku hizo hizo. Ndiyo maana msimu wa kugawanyika hukaguliwa kila siku 7, na nje ya msimu kila wiki tatu au nne inatosha. Usivikwangue vyote kabla ya kuona mayai. Kama malkia ameshaondoka, unakuwa umevunja tumaini lao la mwisho.

## Hatua ya 11: Ukiona ubaya, pima

Vifuniko vilivyodidimia, vyeusi, vyenye unyevu na matundu. Hii inaweza kuwa uozo wa majana wa Marekani, ugonjwa mbaya kuliko yote kwenye majana. Ingiza njiti ya kiberiti kwenye kijumba, koroga, vuta polepole. Ute wa kahawia ukivutika kama kamasi sentimita 2 au zaidi bila kukatika, simamisha kazi. Tia njiti ndani ya bomba iungue, funga mzinga, punguza mlango, usihamishe fremu wala kifaa, mwarifu afisa wa nyuki au mifugo. Vijidudu vyake hukaa hai kwenye masega na mbao kwa miongo, dawa za kuua bakteria haziwamalizi, na nchi nyingi hutaka utoe taarifa kwa sheria. Mara nyingi fremu na masega huchomwa moto.

Mabuu wa manjano waliojinyonga, wamekufa kabla ya kufunikwa, harufu ya uchachu. Ni uozo wa majana wa Ulaya. Ute wake hauvutiki kwenye njiti au hukatika upesi, na mabaki yaliyokauka hutoka kirahisi, tofauti na ule wa kwanza ambao mabaki yake hung'ang'ania ukuta wa chini wa kijumba. Toa taarifa vilevile.

Maiti ngumu nyeupe au za kijivu. Ni majana ya chokaa, ukungu. Ukitikisa fremu husikika yakigongana. Punguza unyevu, toa masega mabaya zaidi, badilisha malkia ikirudi.

Buu aliyeinua kichwa, mwili kama mfuko wa maji. Ni kirusi. Mara nyingi huisha chavua ikiongezeka.

Vifuniko vilivyotobolewa na nyuki wenye mabawa yaliyosinyaa. Shuku utitiri wa varoa, kimelea mdogo wa nyuki. Hakikisha malkia hayupo kwenye fremu, kung'uta nyuki nusu kikombe, mililita 120, ambao ni kama 300, ndani ya chupa yenye mfuniko wa wavu wa milimita 2 hadi 3. Weka vijiko vikubwa viwili vya sukari ya unga, zungusha, acha dakika mbili, kisha tikisa sukari kwa dakika moja iangukie sinia jeupe. Hesabu vidoa vya rangi ya kahawia nyekundu, gawa kwa tatu. Wafugaji wengi huanza kutibu wakifika 3 kwa nyuki 100. Rudisha nyuki mzingani, watalambana.

Na mstari ulionyooka wa pupa wasiofunikwa, vichwa vyeupe vinaonekana na wako hai? Ni njia ya funza wa nondo chini yao, si uozo. Wengi huogopea hapa bila sababu.

## Hatua ya 12: Funga vizuri

Rudisha fremu zote kwa mpangilio wake, zibane pamoja katikati, gawanya nafasi iliyobaki kwenye kuta. Ya kwanza iingie mwisho. Shusha kila fremu polepole, ukiwapa nyuki muda wa kupisha, na sanduku la juu liteleze kutoka pembeni badala ya kulikandamiza moja kwa moja. Kazi yote kwa sanduku moja la majana isizidi dakika 15 hivi. Ukipata jibu fremu ya tano, huna haja ya sita.

*Umefaulu ikiwa* dakika kumi baadaye nyuki wanaingia na kutoka kama ulivyowakuta.

Kabla ya mzinga mwingine, kwangua patasi na uisugue kwa maji ya magadi ya kufulia na sabuni. Glavu za ngozi hazisafiki. Vaa za mpira juu yake.

Andika papo hapo, kabla ya kuvua vazi. Mstari mmoja unatosha: "Tarehe 4, mayai ndiyo, nyuso 1/2/4, mapengo 8, vijumba vya malkia hakuna, asali fremu 3, sega jeusi namba 9 litolewe, ukaguzi ujao tarehe 11."